Ruiru hadi Thika, Maili Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Mvua tangu alfajiri. Wachumaji wamewaleta watoto wakiwa wamelowa, wakaniachia mlangoni, wakakimbilia kahawa. Nyapara alikuwa anapiga kengele kana kwamba shamba linaungua. Nimewavua nguo, nimewakausha, nimewapa uji. Wawili wametapika. Mmoja amenikojolea. Ndiyo kazi yangu hiyo: kulea watoto wa watu katika banda la mabati la mzungu, na wangu analelewa kwingine.

Ndege zimepita tena. Zamani nilikuwa natoka nje kuzitazama. Siku hizi sitoki. Zile nzito zinakwenda Nyandarua kumwaga mabomu msituni. Nyingine zinakwenda Ulaya. Ukiwa chini hujui ipi imebeba nini. Aliye juu mngoje chini, husema watu. Nimengoja. Hashuki.

Kariuki ameandika. Barua ya ndege, ile karatasi ya samawati inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Mume wangu anasomea ualimu London. Aliondoka mwaka wa hamsini na mbili, kabla ya Hali ya Hatari, mtoto wetu akiwa bado anatambaa. Mpaka leo hachoki kusimulia safari yake. Kapanda ndege Eastleigh asubuhi, Entebbe, Khartoum, Kairo, Roma, na kesho yake anakunywa chai London. Maili elfu nne na ushei. Anasema dunia imekuwa ndogo. Yake, labda.

Anauliza Nyambura ameota meno mangapi, kana kwamba bado anatambaa. Anadhani niko naye. Nimemwandikia mara nyingi kwamba simwoni, lakini barua zinafunguliwa njiani. Ukitaja pasi za kutembelea au handaki la kijiji wanapaka wino mweusi juu yake. Basi Kariuki anasoma salamu zangu na habari za mvua. Anadhani mkewe amekuwa mchache wa maneno.

Alhamisi, 6 Oktoba

Alhamisi ni siku ya pasi. Nimepanga foleni ofisini tangu asubuhi. Karani ni kijana wa kwetu, Mkikuyu mwenzangu, kola nyeupe, kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza sababu ya safari. Nikasema namwendea mwanangu. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, Mungu ashukuriwe. Akasema basi hakuna sababu. Akaita mwingine.

Ningesema ni mgonjwa. Nikaogopa kumtamkia mtoto ugonjwa.

Nyambura yuko Thika kwa mama mkwe. Mama mkwe naye ni Nyambura. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na aliyepewa jina ni kama nusu ya mwenye jina. Bibi akisema mleteni, humnyimi. Mwaka jana kabla ya mavuno alituma neno: mleteni mwenzangu anitembelee. Yakawa matembezi ya wiki mbili. Kabla hazijaisha serikali ikabomoa nyumba za kule ikawahamishia wote kijiji kipya, handaki pande zote, lango moja, homgadi, askari wa kijiji, juu ya mnara. Na huku sisi wa shamba tukafungiwa. Mkikuyu haendi hata shamba la jirani bila pasi.

Ni maili kumi na moja. Treni ya Thika nasikia mlio wake kila siku nikiwa nakoroga uji. Mtu mwenye pasi anafika kabla uji haujapoa vizuri. Mimi mwaka mzima sijafika.

Jumapili, 9 Oktoba

Siku nzuri. Niiandike kwa sababu ni chache.

Rispa, jirani yangu wa mlango wa pili, ni Mmaragoli. Mumewe Zakayo anafanya kazi kiwanda cha mananasi Thika na huja kwake kila mwisho wa wiki kwa treni. Yeye hakuna anayemsumbua. Si Mkikuyu. Anapita kando ya kile kijiji na ukuni begani, anasimama kwenye ua wa waya, anamwita mama mkwe. Ndiye posta yangu. Shemeji yangu Njoroge, ndugu yake Kariuki, anafagia posta halisi pale Thika mjini, na hawezi kuniletea hata neno moja. Pasi yake inaishia darajani.

Leo Zakayo amemwona Nyambura kwa macho yake. Anasema ana maneno kama wakili. Anasema amemwuliza jina, akajibu Nyambura, akamwuliza na huyu bibi, akajibu na huyu pia ni mimi.

Nimecheka mpaka Rispa akanipiga mgongoni.

Nikamwomba Zakayo anionyeshe urefu wake. Akasimama, akaweka kiganja kwenye mfupa wa nyonga. Nikachukua uzi, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiganja chake, nikafunga fundo. Nitamshonea gauni kwa uzi huo. Nina kitambaa cha maua ya njano. Zakayo alisimama hivyo mkono hewani, hathubutu kuusogeza, kama askari wa gwaride.

Anamwita bibi yake maitu. Mama. Zakayo alisema bila kujua maana yake. Sikumwambia.

Jumatano, 12 Oktoba

Gauni limekwisha isipokuwa pindo. Nimeacha kitambaa cha kuongeza chini, atakua. Mzungu amekagua banda la watoto. Ameridhika na usafi. Ameniambia nina mkono mzuri kwa watoto, kisha akaniuliza kama ninao wangu. Nikasema ninaye mmoja. Akasema vizuri sana, akaenda zake.

Jumapili, 16 Oktoba

Surua. Imeingia kijijini. Nyambura ameshikwa.

Zakayo hakumwona leo. Mama mkwe alikuja kwenye waya peke yake akamwambia homa imepanda, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio. Lango limefungwa, kijiji hakitoi mtu wala hakipokei mtu. Mama mkwe hakuniomba lolote. Alisema tu niambiwe.

Nimewaona watoto wa surua hapa bandani. Wengi hupona. Nimejiambia hivyo tangu mchana. Wengi hupona. Ni wale wanaokohoa sana ndio wa kuogopewa, na mwenye maziwa na mwenye joto hupona. Kule kuna maziwa gani? Ng'ombe walikwisha chukuliwa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi mzazi niko huku nakausha matako ya watoto wa watu.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimekwenda kwa nyapara nimwombe aniongoze kwa mzungu. Akasema mzungu yuko Nairobi. Nikaenda ofisi ya pasi. Imefungwa, ni Jumatatu, pasi ni Alhamisi. Mlinzi akaniambia hivyo kwa upole. Upole wake uliniudhi kuliko kufukuzwa.

Jumanne, 18 Oktoba

Nimejaribu treni.

Nilivaa gauni langu la kanisani, nikajifunga kitambaa kichwani anavyofunga Rispa, nikachukua kikapu chake. Nilidhani nitapita kama Mmaragoli. Rispa alinifundisha salamu mbili tatu za kwao, tukazirudia, akasema ninazisema kama mbuzi, lakini askari hajui. Nilikata tiketi. Nilipanda. Nilikaa. Nikaona behewa zima limejaa watu wa kwenda Thika, wamekaa na kuku wao na magunia yao kama watu wasiojua neema waliyo nayo, wanapiga miayo.

Askari aliingia. Hakuniuliza kabila. Alinisalimia kwa Kikuyu, taratibu, anatazama dirishani. Nami nikaitika. Nilikwisha kuitika kabla sijafikiri. Mtu akikusalimia kwa lugha ya mama yako huwezi kuuzuia mdomo.

Wakanishusha. Treni ikaondoka. Nimeshinda chumba cha stesheni mpaka nyapara akaja kunichukua na barua ya shamba. Tulipofika akasema nikirudia wataniondoa bandani na kunipeleka kambini wanakopelekwa wengine. Anawaza kazi yake. Simlaumu. Namchukia tu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Ofisi ya pasi. Nimekuwa wa tatu kwenye foleni. Nimesema wazi: mwanangu ana surua, Thika, kijiji fulani, nyumba ya Nyambura mama wa Kariuki. Karani akataka uthibitisho kutoka kwa mkuu wa kile kijiji. Nikamwuliza utaletwa na nani. Akasema na mtu mwenye pasi. Nikamwuliza mtu huyo atapewa pasi kwa sababu gani. Akasema kwa sababu ya kuleta uthibitisho, akishathibitisha kwamba unahitajika.

Nilimwuliza kama ana mtoto. Hapo ndipo alipopandisha sauti. Akasema surua kila mtoto anaugua, hata yeye aliugua, na kwamba watu kama mimi ndio tunaofanya wanawake wote waonekane waongo. Akaandika kitu kwenye karatasi yangu. Neno moja la Kiingereza. Baadaye nimemwonyesha mke wa fundi anayejua kusoma Kiingereza. Maana yake: hakuna haraka.

Jumapili, 23 Oktoba

Zakayo amekuja. Anasema hakupita kijijini, zamu imebadilishwa kiwandani, alitoka amechoka moja kwa moja stesheni. Alisema hayo akiwa anafungua kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vimekwisha funguliwa.

Nimekasirika. Dakika chache tu kwenye waya. Angeweza. Nimemshukuru kama mtu mwenye adabu, nikarudi kwangu nikapiga teke ndoo.

Jumatano, 26 Oktoba

Rispa amenifulia nguo bila kuniuliza. Jana aliniletea viazi vitamu, juzi ndizi. Leo amekuja bandani mapumziko ya mchana, yeye ambaye hajawahi kupumzika wakati wa mavuno, akanichukua mtoto mkononi akasema kaa chini wewe. Nikamwambia siumwi. Akasema najua. Akaendelea kumbembeleza yule mtoto akiwa amenipa mgongo.

Anaimba sana kwa kawaida. Nyimbo za kanisa lao, za ngoma. Wiki hii haimbi. Nadhani wamegombana na Zakayo. Nadhani anataka kunieleza na haya zinamshika. Nitamngoja aseme.

Ijumaa, 28 Oktoba

Nimelipiga pasi gauni la njano. Nimelikunja. Nimelikunjua nikaona kola imekaa upande. Nimeifumua, nimeishona upya.

Vipele hukauka baada ya wiki, halafu ngozi inatoka kama pumba. Sasa atakuwa anabanduka ngozi. Atakuwa anajikuna na mama mkwe anampaka mafuta. Yuko katika siku za kujikuna. Ndivyo ninavyomwona.

Jumapili, 30 Oktoba

Zakayo hakunisalimia kabisa. Rispa anasema amelala. Nilisikia sauti yake ukutani.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno hilo limenikaa kichwani tangu kanisani na nalifukuza. Nimefikiri hivi: kama kungekuwa na jambo ningeambiwa. Thika si Ulaya. Ni hapa. Ningetumiwa mtu, ningetumiwa hata mtoto wa kuku amefungwa karatasi mguuni. Hakuna aliyekuja. Basi hakuna jambo.

Nimeshika hilo. Sina lingine la kushika.

Ijumaa, 4 Novemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mchana, watoto wamelala. Mwanamume mgeni akaja akiongozwa na nyapara. Koti zito la baridi, jua lote hili. Kofia. Viatu vyenye vumbi jekundu juu ya rangi nyeusi nzuri. Akajitaja: Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma, amekaa nyumba moja na Kariuki London, amemaliza masomo anarudi kwao. Alipanda ndege Jumatano. Jana alishuka Eastleigh. Leo amechukua basi hadi Ruiru kwa sababu Kariuki alimwapisha asiende kwao kabla hajanifikia.

Nilifurahi. Niandike na hilo. Nilifurahi, nikatafuta kiti, nikampangusia vumbi.

Hakukaa. Alivua kofia.

"Mama Nyambura, pole," akasema. "Kariuki alitaka nije mwenyewe nikushike mkono."

Nikamwuliza pole ya nini.

Akamtazama nyapara. Nyapara akatazama chini.

"Ya mtoto," akasema.

"Mtoto yupi?"

Nilimwuliza hivyo. Nina mmoja, na nilimwuliza mtoto yupi. Huku banda zima limejaa watoto wamelala, nikadhani labda anasema mmoja wao.

Mwalimu Wafula alikaa sasa, bila kukaribishwa, kwenye sakafu, na koti lake lile. Akaniambia polepole. Shemeji yangu Njoroge alipiga simu ya maandishi kutoka Thika kwenda London, wiki ya tatu ya Oktoba. Mtoto ameaga kwa surua, amezikwa. Kariuki alilia siku mbili akakataa chakula. Kisha akasema, afadhali mama yake alikuwa karibu. Alimwonyesha Wafula kwenye ramani ya ukutani ya chuo. Thika na Ruiru zinafunikwa na ncha ya kidole kimoja. Akasema, unaona, ni hapo na hapo, mke wangu Wangari alimzika.

Mwalimu alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilimwambia asipige kelele, watoto watazinduka.

Jumamosi, 5 Novemba

Nyambura.

Jumapili, 6 Novemba

Rispa alijua. Zakayo alijua. Tangu ile Jumapili ya kamba za viatu.

Wamekuja wote wawili wakakaa mlangoni. Zakayo ndiye aliyesema. Anasema mama mkwe alimshika kifundo cha mkono kupitia waya, akamwapisha kwa tumbo la mama yake. Alimwambia mama haambiwi kifo cha mwanawe na mpita njia. Huambiwa na mwanamke wa nyumba yake, amekaa naye chini, amemshika. Alimwambia nimeomba pasi, nitakwenda mwenyewe, wewe nyamaza mpaka nifike. Kwa baba ni tofauti, habari za msiba hupelekwa kwa baba mara moja, ndiyo sababu Njoroge akapiga simu London. Nani angedhani habari itatoka London irudi.

Rispa akasema hata kwao ni hivyo hivyo, hawezi mtu kumwambia mama hivi hivi. Akasema kila siku alikuwa anangoja kumwona yule bibi anaingia langoni. Kila treni.

Kwa hiyo kila mtu amefanya sawa. Kila mtu ameshika desturi. Nami nimeshona kola mara mbili.

Niliwaambia watoke. Niliwaambia maneno mabaya kuhusu kabila lao ambayo sitayaandika. Walitoka. Rispa aliacha chai mlangoni. Sikuinywa. Nimeimwaga mbele yake.

Jumanne, 8 Novemba

Nimerudi kazini. Wachumaji wameniletea watoto wao kama kawaida, ila kila mama amemshusha wake polepole na kunishika bega. Wote walijua. Shamba zima lilijua isipokuwa mimi na mzungu.

Nafikiria ile safari na siwezi kuacha. Habari ya mwanangu ilitoka Thika ikaenda London kwa waya. Ikakaa kwa Kariuki, ikaliliwa. Kisha ikapanda ndege. Ikashuka Roma, ikashuka Kairo, Khartoum, Entebbe. Ikapumzika usiku mmoja Nairobi. Ikapanda basi. Ndivyo ilivyonifikia hapa Ruiru. Njia hiyo ilikuwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyeiuliza pasi.

Kariuki simwandikii. Nimechukua karatasi ya samawati nikaandika jina lake, basi. Nikimwambia sikuwa karibu watapaka wino. Nisipomwambia ataendelea kushukuru kwamba nilimzika mwanetu. Anapata faraja kwa kitu ambacho sikufanya. Namhusudu faraja hiyo. Namchukia kwa kuwa nayo.

Alhamisi, 10 Novemba

Foleni. Karani yule yule. Nimesema naomba kwenda kuona kaburi la mwanangu Thika.

Safari hii hakupandisha sauti. Alifunika kalamu. Akaniuliza amezikwa lini. Nikasema sijui siku, ni mwezi uliopita.

"Mama," akasema, "kama amekwisha zikwa, unakwenda kufanya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anauliza kweli. Nilitafuta jibu. Kama mtoto ni mgonjwa, surua si haraka. Kama amekufa, hakuna safari. Sijui ni siku gani kati ya hizo mbili ambayo ningepewa ile karatasi. Labda kulikuwa na siku moja katikati, na siku hiyo ofisi ilikuwa imefungwa.

Niliondoka. Sina hasira tena, na hilo linanitisha. Niliketi kando ya reli mpaka mwili ukapoa. Sikutaka kufa. Sikutaka kusimama pia.

Jumamosi, 12 Novemba

Nimekwenda kwa Rispa nikamwomba chai. Ameipika na maziwa mengi mno. Tumekunywa. Zakayo alitoka nje tuwe wawili. Sikumwomba radhi kwa maneno yale, nikaosha vikombe vyake. Akaniacha nivioshe.

Amesema Zakayo amesikia jana jina la mama mkwe likisomwa langoni kwao. Amepata pasi. Anakuja kesho.

Nimemwomba Rispa jambo moja tu, na Zakayo, na nyapara pia nimemfuata nikamwomba. Mama mkwe asiambiwe kwamba najua.

Jumapili, 13 Novemba

Mama mkwe amefika na treni ya asubuhi. Amekonda. Fimbo mkononi, pasi imefungwa kwenye ncha ya leso. Amepewa mpaka jioni.

Alikataa kiti. Alikaa sakafuni, akanyosha miguu, akanivuta nikae ubavuni mwake, magoti yangu yakigusa yake. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akanishika mikono yote miwili.

"Nyambura amekufa," akasema. "Nikawaambia, Nyambura mwenyewe ndiye atakayekwenda kumwambia mama yake."

Kisha akaanza tangu mwanzo. Siku ya homa. Kikohozi. Jinsi alivyombeba mgongoni mpaka lango akiomba apelekwe hospitali, na homgadi akamwambia angoje watu wahesabiwe. Jinsi walivyohesabiwa. Kwamba aliomba maji akanywa kidogo. Kwamba siku ya mwisho alitaka aimbiwe, akaimbiwa. Kwamba aliniulizia? Nilimwuliza hilo, swali langu la pekee. Hakutaka kunidanganya. Akasema mtoto aliita maitu, maitu, na yeye aliitika kila mara, hajui alikuwa anamwita nani kati yetu.

Wamemzika upande wa juu, penye udongo usiotuama maji. Njoroge alichimba. Walipanda mche mchanga wa maua.

Nililia. Sikuigiza. Yote aliyosema nilikuwa siyajui. Mwalimu Wafula aliniletea neno moja tu, la kweli, na nilikuwa nimekaa nalo wiki nzima kama jiwe lisilo na umbo. Mama mkwe alinishika mpaka nikanyamaza, halafu ikawa zamu yake, nami nikamshika. Alikuwa amejizuia muda wote ule. Alikuwa akingoja anifikie.

Alikula uji. Akalala kidogo kitandani kwangu, nikamfunika miguu. Alipoamka alisema sasa moyo wake umetua mzigo, maana alikuwa anaogopa nisije nikasikia kwa mtu baki.

Nikasema, "Hapana, maitu. Umewahi."

Jioni nimemsindikiza mpaka lango la shamba. Mgeni husindikizwa mpaka stesheni, lakini mimi nisiye na pasi naishia langoni. Nilisimama hapo mpaka alipopinda kona.